Maswali ya Wasomaji: Kulala Botini Ziwani Kivu Wakati wa Mvua

Mvua za Septemba zikianza, barua za wenye boti huongezeka. Wengi wanataka kupeleka familia Idjwi au Bukavu na kulala majini siku kadhaa. Hizi ndizo tulizoona zina faida kwa wote.

Jambo wahariri. Tuna boti ya mbao ya mita 8, mbele ina kachumba ka kulala. Tunataka kutoka Goma, tupitie Kabuno na Minova, tufike Bukavu, watoto wetu wawili wakiwemo. Usiku ziwani kuna baridi kali. Naweza kuingiza babula (jiko) ya makala (mkaa) chumbani nikiacha dirisha wazi kidogo? — Papa wa Himbi, Goma

Hapana, Papa. Hata dirisha likiwa wazi, hapana.

Makala yakiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi na isiyochoma macho. Watu hungoja moshi uishe, makala yawe mekundu kabisa, ndipo wayaingize ndani wakidhani yamekuwa salama. Sivyo: moshi umeisha, gesi bado inatoka. Kachumba ka mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 1.2 kana hewa isiyofika mita 5 za ujazo, nanyi ni watu wanne mnaoivuta. Tena botini kuna mtego ambao nyumbani haupo. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na kila mtu atasema ni mawimbi. Mgonjwa ataambiwa alale kidogo, palepale penye gesi.

Pikeni nje, upande wa nyuma, kisha makala yazimwe kwa maji. Yakifunikwa majivu tu huendelea kutoa gesi hadi asubuhi. Kwa baridi, inueni godoro juu ya mbao zilizoachiana nafasi, sentimita 4 kutoka sakafuni, ili unyevu usikae chini yake. Jazeni maji ya moto kwenye chupa zenye kifuniko kizuri, mzizungushie nguo, mziweke miguuni. Acheni tundu moja la hewa juu na moja chini, hata mvua ikinyesha. Turubai lililofungwa pande zote huwaamsha mmelowa kwa pumzi zenu wenyewe.

Sasa Kabuno. Mtu wa Goma anaijua mazuku ya nchi kavu, ile gesi inayokaa kwenye mashimo ya mawe ya volkano na kuua mbuzi. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Usiku usio na upepo huteremka na kutuama mahali pa chini. Boti iliyofungwa chini ya ukingo wenye nyufa, upande wa Sake na Kabuno, iko mahali pa chini, na anayelala sakafuni yuko chini zaidi. Ghuba ya Kabuno yenyewe ina maji yaliyojaa gesi hiyo kuanzia kina cha mita 11 hivi tu. Katika ziwa kubwa, gesi nyingi iko chini ya mita 250. Piteni Kabuno mchana, msilale. Tafuteni rasi inayopigwa na upepo, mbali na nyufa za mawe.

Mshumaa msiutegemee, kwa sababu gesi inayotosha kuuzima imekwisha kuwa hatari kwa mtu. Na king'ora cha kaboni monoksidi hakioni kaboni dioksidi: ni vipimo viwili tofauti, vyote viwekwe karibu na kimo cha mto wa kulalia. Kipimo cha kaboni dioksidi kikifika sehemu 5,000 kwa milioni (ppm), amsheni watu mhame. Mtu akianguka ufukweni ndani ya shimo, mwingine yeyote asimfuate. Avutwe kwa kamba na aliye juu kwenye upepo.

Wakubwa zangu, nafunga boti kando ya Idjwi kwa nanga ya kilo 8 na kamba ya mita 25. Jioni inashika, usiku wa manane najikuta katikati ya ziwa. Ninunue nanga nzito zaidi? — Kijana wa Nguba, Bukavu

Kabla ya nanga, mdogo wetu, nunua kamba. Ziwa letu lina kina cha mita 480 hivi mahali pa chini kabisa, na kingo zake nyingi hazina ufuko mpana: hatua chache tu kutoka nchi kavu tayari ni shimo. Penye mita 20 za maji, kamba yako ya mita 25 inasimama karibu wima. Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu hung'oka, iwe ya kilo 8 au 15.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalokupeleka katikati. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Nanga yako imekaa kwenye mteremko, na upepo unaivuta kuelekea chini ya mteremko, upande ambao haina cha kushika. Ikishang'oka haigusi tena chini.

Kwa hiyo pima kina kwanza, kwa jiwe na kamba yenye fundo kila mita. Chukua kina, ongeza kimo cha pua ya boti juu ya maji, zidisha mara 7. Penye mita 7 za maji na pua ya mita 1, unahitaji mita 56. Mita 6 za mwanzo ziwe mnyororo wa milimita 8: uzito wake hulaza kamba, na mawe ya volkano hayaukati kama yanavyokata nailoni. Pasipo na kina kidogo, dondosha nanga upande wa ziwani, kisha rudi nyuma ufunge kamba mbili kwenye miti au mawe ya ufukweni. Hapo upepo wa usiku utavuta kamba za nchi kavu, na kazi ya nanga itakuwa kuzuia boti isigonge mawe. Funga pia kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga na bidoni tupu ya lita 5 ielee juu yake. Nanga ikinasa kwenye mwamba, utaivuta kwa kamba hiyo kutoka upande wa pili.

Nanga isiposhika, usihame gizani ukitafuta mahali pengine. Wavuvi wa sambaza, dagaa wa Kivu, wako kazini usiku kucha, mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa, miti yao imetokeza mbali na nyavu ziko chini. Hama kabla jua halijazama.

Boti yetu iko wazi nyuma. Mvua ya usiku inaweza kuizamisha ikiwa imefungwa tu? Na radi je? — Mama wa Keshero, Goma

Inaweza, Mama. Mvua ya milimita 40 ikiangukia boti iliyo wazi ya mita 8 kwa 2 ni lita 640, yaani uzito wa watu wazima tisa walioingia mkiwa mmelala. Maji hayo hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Tandaza turubai lenye mti katikati ili maji yamwagike nje, na weka ndoo na kopo la kuchotea hata kama pampu ipo, kwa kuwa pampu hufa pamoja na betri.

Radi ni ya kuogopwa kweli. Hesabu za satelaiti zilizotolewa mwaka 2016 ziliweka eneo la Kabare, karibu na Bukavu, la pili duniani, radi 205 hivi kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikipungua chini ya 30, uwe ufukweni au umeketi chini katikati ya boti, mbali na mlingoti, usishike moteri na chuma kingine kwa pamoja. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji ya ziwa tuyanywe vipi? — Dada wa Muhumba, Bukavu

Kuchemsha ndiyo njia bora, dakika moja baada ya kutokota sawasawa. Maji ya Kivu yana pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 9, na klorini hufanya kazi polepole katika maji ya aina hiyo. Ukilazimika kuitumia, ile ya asilimia 5, weka matone 2 kwa lita ya maji maangavu na ungoje saa nzima badala ya nusu saa. Usichote karibu na miji wala bandari. Kipindupindu hukaa huko. Choo kiwe ndoo yenye kifuniko na majivu, imwagwe shimoni nchi kavu.

Moteri yangu ya farasi 15 inatoa moshi mweusi na haina nguvu, ingawa ni mpya. — Msomaji wa Katindo, Goma

Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Kabureta iliyopangwa kwa pwani humwaga esansi (petroli) nyingi kuliko hewa iliyopo, ndiyo maana buji (plagi) zinakuwa nyeusi. Mwambie fundi aweke jeti (tundu la kupitisha esansi) ndogo zaidi, na ubadilishe elisi (propela) uweke yenye hatua fupi. Kama ni ya mipigo miwili, usipunguze mafuta ukidhani ndiyo yanayoleta moshi: mililita 400 kwa bidoni ya lita 20, au kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake.