Darubini ya mara 675, nichukue?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi napiga picha za harusi na sendofu hapa Dodoma, nina Canon 600D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Mwezi wa saba tulienda msibani Kondoa vijijini, usiku nikatoka nje nikaona nyota mpaka usingizi ukakata, sasa nataka kuzipiga picha. Nina laki sita na kuna jamaa ananiuzia darubini imeandikwa inakuza mara 675, ina na tripodi yake. Nichukue?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Mdogo wangu, hapana, usichukue. Hiyo 675 ya kwenye boksi ni namba ya kuuzia tu. Chukua upana wa lenzi au kioo chake kwa milimita, zidisha mara mbili, hapo ndo mwisho wa kukuza kwa maana, kwahiyo ya milimita 76 inaishia kama 150, ukipitiliza unaona ukungu mkubwa tu. Na hizo tripodi zake nyembamba ukigusa zinatetemeka, upepo wa Dodoma wa kiangazi si unaujua mwenyewe.

Kitu ambacho video za Ulaya na Marekani hazikugusii ni hiki. Dunia inazunguka, kwahiyo kupiga picha ndefu kwa darubini unahitaji stendi inayofuata nyota, na mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Wenzetu wanalenga Nyota ya Kaskazini wanamaliza. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ile hatuioni, na ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, imejificha kwenye vumbi na vilima, haina nyota kali ya kukuonyesha ilipo, na stendi nyingi za bei rahisi hata haziinami kiasi hicho. Hela yako itaishia hapo na picha hupati.

Kamera unayo tayari, anza nayo! Nunua tripodi nzito na lenzi ya mtumba ya 50mm yenye f/1.8. Kwa lenzi uliyonayo weka 18mm, f/3.5, ISO 3200, sekunde 15, taima ya sekunde 2 ili usiitikise. Kwa ile ya 50 usizidishe sekunde 6, nyota zitavutika ziwe mistari. Piga hata picha 60 za sehemu ileile halafu uziunganishe kwa Siril, ni programu ya bure, chenga zinapungua sana. Fokasi weka kwa mkono, zumu kwenye nyota kali kwa skrini ya nyuma, ikikaa bandika selotepu.

Rudi Kondoa kwa ndugu zako kati ya Juni na Septemba, siku ambazo mwezi haupo, makundi ya nyota ya Nge na Mshale yanapita karibu na utosi, na ukivumilia mpaka alfajiri unakipata Kilimia, kile kikundi cha nyota wazee walichokuwa wanakitazama kujua msimu wa kulima.

Baadae ukiongeza hela tafuta darubini ya Dobson, ile ya stendi fupi unayoizungusha kwa mkono, ya kuweka mezani, kioo cha milimita 130. Hiyo ni ya kutazamia, pete za sayari ya Zohali utaziona kwa macho yako, na Mwezi unaupiga kwa simu kwenye kijicho chake, kile kilenzi cha kuchungulia, maana kamera kubwa mara nyingi inagoma kufokasi humo. Kwenye Jua usiielekeze kabisa bila filta ya Jua ya mbele, utapofuka.

Na lenzi badilishia ndani ya gari, vioo vimefungwa, vumbi letu likiingia kwenye sensa hata picha za harusi zitakuwa na madoa.