Nusu ya Baba Haikufa na Baba

Juzi dada mmoja wa Iringa ameniandikia. Baba yao amefariki, nyumba aliijenga na mdogo wake, na sasa baba mdogo anawaambia watafute pa kwenda. Nilimjibu kwa simu, lakini najua humu mko wengi mnaotaka haki ya mzazi wenu, kwa hiyo naandika.

Nyumba yetu iko Ilomba, hapa Mbeya. Baba na mdogo wake walichanga wakanunua kiwanja, wakajenga fremu nne za maduka mbele na vyumba vya wapangaji nyuma. Mkataba wa mauziano una majina yao wote wawili, umeandikwa kila mmoja nusu, na una muhuri wa serikali ya mtaa. Baba alipofariki, hata tanga hatujaanua, baba mdogo alishaanza kupita kwa wapangaji akikusanya kodi yote. Tulipouliza, shangazi akanijibu mbele ya watu: "Ninyi wa kike nyumba zenu ziko kwa waume zenu." Mimi hata mume sina. Neno lile sijalisamehe, na shikamoo nampa kwa sababu mama anataka.

Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo alijipendekeza awe msimamizi wa mirathi, wazee wakaitikia. Mimi na mdogo wangu tukagoma kusaini muhtasari. Tukaitwa watoto waliosoma wakapoteza adabu. Sawa. Lakini niambieni: mtu anayemiliki nusu ya nyumba, ukimkabidhi na nusu ya marehemu aisimamie, siku pande hizo mbili zikikosana kuhusu mpaka wa vyumba atabishana na nani? Hoja hiyo ndiyo tuliyoipeleka Mahakama ya Mwanzo kama pingamizi. Ikasikilizwa, nikateuliwa mimi. Ndiyo, mimi wa kike.

Baba mdogo alikuwa amesikia mahali kwamba mmiliki mwenza akifa, aliyebaki anachukua yote, akalishika hilo kama Injili. Ni kweli nusu nusu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua aina mbili. Kuna umiliki wa pamoja, ambapo sehemu ya aliyekufa inahamia kwa aliyebaki. Na kuna umiliki wa hisa, ambapo kila mtu ana fungu lake, na akifa fungu hilo linaingia kwenye mirathi yake; mkataba wetu wa nusu kwa nusu ni wa aina hii. Kwa hiyo kabla hujagombana na mtu, tafuta karatasi. Soma wenyewe walivyoandika. Maneno ya wazee kwenye msiba si hati.

Kingine, msikimbilie Baraza la Ardhi na Nyumba mkiwa mikono mitupu. Mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi aliyeteuliwa. Mtoto anayekwenda kwa jina lake tu anarudishwa, na nauli imeshaliwa. Anzeni na cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali wa usajili), muhtasari wa kikao, kisha Mahakama. Ukishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo una miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni. Andika nusu ya nyumba. Ukiandika nyumba nzima kwa hasira, umempa mwenzako kesi ya bure.

Na ninyi kaka wakubwa mnaoteuliwa: usimamizi si umiliki! Mnakusanya, mnalipa madeni, mnagawa, mnatoa hesabu. Nimeona wanaojijengea kwa kodi ya wadogo zao huku wakiongoza sala ya kumbukumbu ya marehemu. Mungu anawaona, na karani wa mahakama pia.

Mwezi uliopita baba mdogo amekubali mbele ya mwenyekiti wa mtaa: fremu mbili zake, mbili za kwetu, vyumba vya nyuma tunagawana. Wapangaji wa upande wetu wana mikataba mipya. Kodi ya kwetu naigawa kwa warithi na hesabu naipeleka mahakamani. Ile aliyoichukua yeye tangu msiba tumemwomba aieleze, na mpaka leo hajaleta hata daftari.