Selim na Ismail Wangepatana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sultani Selim wa Uturuki na Shah Ismail wa Uajemi wangeungana badala ya kupigana Chaldiran mwaka 1514, mambo yangekuwaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilipokuwa bado nashika chaki, swali hili lilininyima usingizi. Selim alikuwa na mizinga na bunduki. Ismail alikuwa na wapanda farasi hodari, mizinga hana. Tarehe 23 Agosti akashindwa vibaya. Mwaka uliofuata Wareno wakaishika Hormuz, mlango wa Ghuba, naye hakuwa na merikebu za kuwatoa. Ni Wareno hao hao walioichoma Mombasa mwaka 1505. Mizinga ya Selim ingefikishwa Hormuz, sidhani kama wangekaa pale hadi 1622.

Ila kupatana kwenyewe! Ismail alieneza Ushia, hali Selim ni Msunni, na wafuasi wa Ismail walijaa Anatolia, ndani ya nchi ya Selim. Hapo ndipo penye mwiba. Cha kuchekesha, Selim alitunga mashairi kwa Kiajemi, Ismail kwa Kituruki. Mkataba wa amani kati ya Waturuki na Waajemi ulikuja kutiwa saini mjini Amasya mwaka 1555, wote wawili wakiwa kaburini.