Kunguni wa gesti

SWALI: Shikamoo anti, wiki ijayo naenda Moshi msibani nitalala gesti karibu na stendi, mara ya mwisho niliamka na vipele mkononi vimejipanga mstari. Nitajuaje chumba kina kunguni kabla sijalipa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na msiba. Begi usiliweke kitandani, liache bafuni kwanza. Washa tochi ya simu, vua shuka, kagua mishono ya godoro hasa upande wa kichwani, halafu chaga na nyufa za mbao, ukiona vidoti vyeusi kama wino wa peni uliovuja basi hicho ni kinyesi chao, mdudu mwenyewe ni bapa, kahawia, kama milimita 5 hivi. Eti shuka jeupe ndo usafi, wapi! Ukimkuta hata mmoja hama, na usikubali chumba cha jirani.