Walisema nimelitandikia paa godoro

Dada mmoja anayejenga Chanika ameniandikia. Ameshapaua, fundi wa gypsum anamharakisha afunge dari, naye anataka kujua kama sponji ya kuzuia joto niliyoweka chini ya bati inasaidia kweli au ni mbwembwe zangu tu.

Inasaidia, dada yangu. Na swali hilo nimelisubiri kwa hamu.

Siku marobota ya sponji yanashushwa, shemeji yangu aliuliza mbele ya mafundi: "Sasa paa nalo unalitandikia godoro?" Walicheka hadi fundi wa juu ya kenchi, fremu za mbao za paa, akaomba ashuke. Utani huo ukafika mpaka kwenye kikao cha harusi ya binamu yetu, na sidanganyi, bado unanichoma. Januari hii, saa nane mchana, shemeji huyo huyo alikoroma kwenye kochi langu, feni ikiwa namba moja. Mke wangu alinikataza kumpiga picha.

Bati likipigwa na jua la Dar es Salaam linaweza kupita nyuzi 60. Sehemu kubwa ya joto linalotushukia ni mionzi, kwa kuwa hewa ya moto yenyewe hupanda juu. Ndiyo maana nilichagua sponji nyembamba yenye karatasi ya aluminiamu. Upande unaong'aa uangalie chini, vumbi lisiulalie, na mbele yake pabaki nafasi ya hewa walau sentimita 2.5. Ukiubana kwenye gypsum, umenunua pambo. Wewe uliyekwisha kupaua, ipigilie chini ya papi (mbao zinazoshikilia bati), katikati ya kenchi.

Povu la kupuliza linazuia joto vizuri zaidi, lakini lina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Fundi akija kulipuliza bila kinyago cha maana, mrudishe alikotoka. Nanyi hameni mpaka likauke na hewa isafike. Tena likishagandia bati, kubadilisha bati moja ni ugomvi.

Zile shiti nyeupe, kama zinazofungiwa friji, ni nafuu, ila zisigusane na nyaya za umeme. Zinafyonza kilainishi cha plastiki ya waya, ganda linakakamaa na kupasuka. Na povu la aina yoyote huungua kwa moshi wa sumu. Jengo la ghorofa la Grenfell Tower, London, lilipoungua mwaka 2017, walikufa watu 72, na povu la kuzuia joto lilikuwa miongoni mwa vilivyoungua ukutani. Usiliache wazi, gypsum ifuate.

Ndugu zangu, tunachagua vigae vya sebuleni mwezi mzima, halafu paa tunalimaliza kwa simu ya dakika mbili. Kisha tunalalamikia bili ya AC! Tuache kujengea wapita njia.

Basi dada, fundi wa gypsum asubiri. Piga picha nyaya zote kabla hazijafunikwa, na acha matundu kwenye sofiti (dari ya nje, chini ya ukingo wa paa) hewa ipite. Yazibwe kwa wavu wa chuma, maana popo wa huko Chanika hawasubiri uhamie kwanza.