Usilinganishe Asilimia, Linganisha Kima cha Chini cha Kutoa Pesa

Usibofye kiungo hicho, ndugu. Umeandika kwamba unataka kununua kompyuta mpakato huko Uingereza, kwamba umeona tovuti ndogo ya keshibeki inayoahidi karibu mara mbili ya wanachotoa TopCashback na Quidco, tovuti mbili kubwa za keshibeki huko (yaani za kukurudishia sehemu ya pesa unazotumia kununua), kisha ukauliza ipi ni bora, hizo ndogo zinashindanaje na kubwa, na kama kuponi za punguzo zinaruhusiwa. Katika maelezo yote hayo hukutaja hata mara moja kima cha chini cha kutoa pesa, yaani kiasi ambacho salio lako lazima lifikie kabla hujaruhusiwa kulitoa, na hicho ndicho kilichonila mimi.

Duka humlipa kamisheni yeyote aliyemleta mteja, malipo hupitia mtandao wa washirika kama Awin, unaoyaunganisha maduka na tovuti zinazoyaletea wateja, na tovuti ya keshibeki hukumegea sehemu ya kamisheni hiyo. TopCashback na Quidco zilianza zote mwaka 2005 na zina wanachama mamilioni, kwa hiyo zinaweza kulibana duka hadi liongeze kiwango. Tovuti ndogo haina ubavu huo. Inapokuahidi zaidi, ama inakupa kamisheni yote na kuishi kwa matangazo, ama inaongezea kutoka mfukoni mwake ili ipate wanachama haraka, ama inategemea kwamba wengi wenu hamtafikia kiwango cha kutoa pesa. Zipo nyingine za heri, hasa zile zinazochagua uwanja wao, kama Easyfundraising ambayo fedha zake huenda kwa shule na vyama vya hisani badala ya mfukoni mwako. Yangu haikuwa ya namna hiyo.

Kima cha chini cha tovuti yangu kilikuwa pauni 50. Nikapitishia humo bima ya gari, mkataba wa intaneti ya nyumbani, hoteli na jokofu, nikawa nafungua ukurasa wa salio kila jioni kama mzee anayehesabu mbuzi zizini. Nilichokuwa nakihesabu kilikuwa kimeandikwa "inasubiri". Duka halithibitishi kamisheni mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite, hoteli husubiri mpaka ulale na kuondoka, na kampuni za intaneti huweza kuchukua miezi kadhaa, maana zinataka kuhakikisha kwamba hukuvunja mkataba. Hatimaye fedha zikathibitishwa, zikavuka pauni 50, na kitufe cha kutoa kikawaka. Sikukibonyeza. Nilijiambia kwamba nitaziacha zikue, zinisaidie nauli ya Dar es Salaam wakati wa Krismasi.

Kabla ya Krismasi ikaja barua pepe ya aya mbili: kampuni imefungwa na mfilisi ameteuliwa. Salio la keshibeki si amana ya benki, kwa hiyo mfuko wa FSCS unaowalinda wateja wa benki haulihusu. Nikageuka mdai asiye na dhamana, yaani mtu anayesimama mwisho wa foleni, nyuma ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wanaodai kodi yao, akisubiri makombo ya meza ambayo nayo imeshauzwa. Angalau sasa naweza kujigamba kwamba nimewahi kuidai kampuni ya Uingereza.

Aliyenipeleka huko ni mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana, mtu ambaye kwenye michango ya msiba hudai risiti hata ya maji ya kunywa. Alibandika kiungo chake kwenye kundi la WhatsApp akisema kwamba tovuti kubwa "zinatunyonya", na hakusema kwamba kila aliyejiunga kupitia kiungo kile alimwingizia bonasi. Tulipomuuliza baadaye, ikabainika kwamba yeye alikuwa anatoa zake kila zinapofikia kiwango. Siri hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na thamani katika mahubiri yake yote, na ndiyo aliyotunyima! Bado tunampa michango yetu, maana hakuna mwingine anayeikubali kazi hiyo.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa masharti wa hiyo tovuti kabla ya kutazama asilimia. Zipo zinazokuruhusu kutoa hata pauni moja. Nyingine zinataka ufike mbali sana, kisha zinafuta salio la akaunti isiyotumika kwa muda fulani. Asilimia ndogo unayoweza kuihamishia benki siku ile ile inapothibitishwa inaishinda asilimia kubwa iliyofungiwa nyuma ya pauni 25 au 50. Na hiyo kompyuta inunue kwa bei ambayo ungeikubali hata kama keshibeki haipo, kwa sababu duka linaweza kukataa kuilipa keshibeki hiyo bila wewe kukosea lolote.

Kuhusu kuponi, tumia zile tu zilizoorodheshwa na tovuti ya keshibeki yenyewe, kwani kamisheni kwa kawaida huenda kwa kiungo cha mwisho kilichobofywa, na programu ya kivinjari inayokutafutia kuponi inaweza kuichukua nafasi hiyo wakati wewe unafurahia punguzo la pauni mbili.

Andika hapa kima cha chini cha tovuti yako na muda wanaosema watachukua kulipa. Kama hujakipata kwenye masharti yao, nenda TopCashback au Quidco ukanunue kompyuta yako.