Uwanja wa Lugha: Kupenya si Kutoboa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Neno la Kiingereza “penetrate” hunisumbua kila ninapowaandalia wanafunzi maelezo kwa Kiswahili, kwani nimelikuta likifasiriwa kuwa kutoboa, kupenya na kuingia, kana kwamba yote ni mamoja. Nitumie lipi? Na je, kwa jinsi linavyofanana na “penya”, maneno hayo ni ndugu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu Mwalimu, chimbuko la neno hilo litatusaidia kufungua fundo lako. Kiingereza kililipokea katika karne ya 16 kutoka kitenzi cha Kilatini penetrare, chenye undugu na penitus, yaani ndani kabisa, na penus, yaani akiba ya chakula iliyotunzwa ndani ya nyumba. Warumi walikuwa na miungu ya nyumbani iliyoitwa Penates, na Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alipolieleza jina hilo alilihusisha ama na chakula hicho ama na kule kukaa kwao ndani. Wazo la awali, basi, ni kufika sehemu ya ndani kabisa, na wala si kutoga tundu. Mtu aweza kufika ghalani bila kuubomoa ukuta.

Kwa hiyo kutoboa nakushauri ukuachie kitu kinachoacha tundu, kama msumari unavyotoboa tairi. Eksirei hupenya nyama ya mkono pasipo kuacha tundu lolote, ila mfupa huzizuia zaidi, na ndiyo sababu mifupa huonekana myeupe katika picha ya hospitali. Kuandika kwamba mwanga “hutoboa” kioo ni kumpotosha mtoto, na kosa la namna hiyo katika maelezo ya darasani hunisikitisha sana. Kuingia nako ni kupana mno, kwani hakuonyeshi kuwa palikuwa na kizuizi.

Ama kuhusu undugu, hakuna. Mfanano huo ni wa sadfa tu. Penya ni neno letu la Kibantu, na limezaa penyeza, upenyo na kipenyo, ule mstari unaolivuka duara kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, ambao wewe unaufundisha. Kilatini kilitazama mahali panapofikiwa, ilhali Kiswahili kinatazama njia nyembamba ya kupitia, na ndiyo maana mtangazaji wa kandanda husema mshambuliaji amepenya katikati ya mabeki wawili. Hata katika methali “Penye udhia penyeza rupia”, maneno mawili yanayosikika kama ndugu hayana nasaba: “penye” ni ya mahali, na “penyeza” ndiyo iliyotokana na penya.

Kiingereza hulitumia neno hilo pia kwa fikra inayofikia kiini cha jambo. Hapo “penya” haitoshi. Mwenye fikra hiyo sisi husema amezama katika jambo.